Programu ya zamani ikigoma kwenye Windows mpya

Hajji alifika asubuhi na laptopu mpya mkononi, nyuma yake kijana wa boda akishusha kompyuta ya zamani iliyofungwa ndani ya gunia la sukari. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na njia ya malori. Programu yake ya stoku iliandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kuandikia programu, na kijana aliyekuwa akisoma Kampala, ambaye siku hizi simu yake haipatikani. Miaka yote hiyo imekaa kwenye Windows XP ikihesabu mabati, saruji na misumari. Mwanawe akamnunulia laptopu yenye Windows 11, wakaihamisha programu wenyewe kwa flashi, na tangu hapo dukani hakuna amani.

"Fundi, nimeambiwa imezeeka, niiache ife," akasema. "Mimi sina mpango wa kuizika."

Kazi za namna hii zimeongezeka tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. XP iliachwa 8 Aprili 2014, Windows 7 ikafuata 14 Januari 2020, lakini huku kwetu mashine huachwa siku ikikataa kuwaka. Na kwa kuwa Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, mwenye kompyuta ya zamani hahami Windows tu, anahamia mashine nyingine kabisa, na programu anaibeba mgongoni.

Vijana ninaowafundisha kibandani huwa nawaambia hivi: programu haichakai kama betri. Mafaili yake ni yaleyale ya mwaka ule. Iliyobadilika ni nyumba. Ikiamka inatafuta vitu vyake pale ilipozoea kuviona: faili fulani kwenye folda fulani, ruhusa ya kuandika, tarehe kwa mpangilio inaoujua, printa kwenye LPT1, ule mlango wa printa wa kompyuta za zamani. Ikikosa kimoja, inagoma. Kwa hiyo mbele ya kila dalili jiulize inatafuta nini, na inakitafutia wapi.

Kabla hujagusa kitu

Usifute mashine ya zamani. Niliwahi kuletewa diski ya duka la dawa ambayo kijana alikuwa ameipiga Windows mpya kwa sababu "data nimeshaitoa". Alichotoa ni folda ya Documents. Mauzo yote yalikuwa kwenye folda ya programu, moja kwa moja chini ya C:, na hayakurudi.

Nakili folda nzima ya programu, usichague faili la data peke yake, kwa kuwa programu za zamani huweka data, mipangilio na leseni chumba kimoja. Weka nakala mbili, sehemu mbili. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, futa nakala ile na uanze upya. Faili la data lililofika nusu linaweza kufunguka vizuri tu na kukuonyesha nusu ya hesabu. Mashine ya zamani ikiwa bado inawaka, kaa mbele yake na simu, upige picha: jina la kompyuta, herufi za diski za mtandao, majina ya printa, mpangilio wa tarehe na fedha kwenye Control Panel, na orodha ya ODBC, yaani viunganishi ambavyo programu hupitia kufikia data. Ikiwa haiwaki tena, toa diski uivalishe kebo ya USB. Diski nyingi za enzi ya XP ni za IDE, kwa hiyo hakikisha kebo yako ina mdomo mpana wa pini 40.

Unabofya, Windows inasema "This app can't run on your PC"

Mara nyingi hapa programu, au kisakinishi chake, ni ya biti 16, yaani ya enzi za DOS au Windows 3.1. Windows ya biti 64 haina kabisa kile kipande kinachoendesha programu za biti 16. Windows 10 ya biti 32 ilikuwa bado nacho, ukikiwasha kwenye orodha ya vipengele vya ziada, lakini Windows 11 haina toleo la biti 32. Hapa hata ubofye "Compatibility" mara mia, hakuna kitakachobadilika.

Usikate tamaa haraka, kwa kuwa kuna mtego. Programu nyingi za miaka ya 1990 mwishoni zenyewe ni za biti 32. Ni kile kisakinishi cha setup.exe tu ndicho cha biti 16. Kama una folda iliyokwisha sakinishwa kwenye mashine ya zamani, inakili ilivyo na ubofye programu yenyewe. Ikilalamika kwamba inakosa faili fulani, umeshavuka mto. Nenda sehemu inayofuata.

Ikiwa programu yenyewe ni ya biti 16 ya Windows, jaribu otvdm, ambayo pia huitwa winevdm. Ni ya bure na inaendesha nyingi kati ya hizo ndani ya Windows ya biti 64. Ikiwa ni ya DOS, yaani skrini nyeusi au ya buluu yenye menyu za herufi tupu, kuna DOSBox, kiigaji cha DOS. DOSBox ya asili ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, na suala la kuchapisha risiti halikuwahusu walioitengeneza. Kwa hesabu za duka tumia DOSBox-X au vDos, ambazo zinaweza kupeleka kazi kwenye printa ya Windows. Na kama watu wawili huandika kwenye data hiyohiyo kwa wakati mmoja, jaribu kwa nakala kwa siku kadhaa kabla hujaamini, kwa kuwa kufunga rekodi mtu anapoiandikia ndipo viigaji hivi huteleza.

Kuna kosa moja la DOS ambalo huwa linanichekesha. Programu iliyoandikwa kwa Turbo Pascal inafunguka na kufa papo hapo ikisema "Runtime error 200". Maana yake kompyuta yako ina kasi kupita kiasi. Programu inapoanza hupima kasi ya mashine ili ijue namna ya kusubiri, na kwenye kichakataji cha kuanzia takriban megahezi 200 kwenda juu hesabu yake inafurika. Ndani ya DOSBox punguza idadi ya "cycles", itaamka.

Ule ujumbe wa "This app can't run on your PC" ukitokea kwa programu ambayo una hakika ni ya biti 32, linganisha ukubwa wa faili lake na lile la asili. Faili lililokatikia njiani wakati wa kunakili hutoa maneno yaleyale.

Na laptopu za bei nafuu huja na Windows iliyo katika hali ya S, inayokubali programu za Microsoft Store tu. Ujumbe wake ni mwingine, unakuambia wazi kwamba ni kwa ajili ya usalama. Kutoka kwenye hali hiyo ni bure, unafanyia Store ukiwa na intaneti, ila ukishatoka huwezi kurudi.

Inaanza kufunguka, kisha inataja faili inalolikosa

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa kuwa mgonjwa anataja ugonjwa kwa jina. Soma jina la faili herufi kwa herufi.

Likianza na MSVCP au MSVCR, au likiwa VCRUNTIME140.dll, inakosa maktaba za Visual C++. Tarakimu zinakuambia toleo: 71 ni la 2003, 100 ni la 2010, 120 ni la 2013, 140 ni la 2015 kuja mbele. Kwa matoleo ya karibuni pakua kifurushi cha Microsoft wenyewe, na hapa ndipo wengi hujikwaa: programu ikiwa ya biti 32 weka kifurushi cha x86, hata kama Windows yako ni ya biti 64. Kinachoangaliwa ni programu. Maktaba za 71 kwa kawaida zilikuja pamoja na programu yenyewe, kwa hiyo zitafute kwenye mashine ya zamani.

Usiende kwenye zile tovuti zinazogawa DLL, yaani mafaili haya ya maktaba, mojamoja. Ukiweka DLL ya biti 64 mahali pa biti 32 unapata kosa lingine, 0xc000007b, ambalo halitaji faili lolote, na sasa una magonjwa mawili. Huo ni uwezekano mzuri. Mbaya ni kirusi.

Kwa programu za Visual Basic 6 kosa maarufu ni namba 339, likitaja MSCOMCTL.OCX, COMDLG32.OCX au ndugu zao. Windows 11 bado inakuja na injini ya VB6 yenyewe, MSVBVM60.dll, ila vipande hivi vya OCX ni mzigo wa programu, na aliyenakili folda kwa flashi ameviacha nyuma. Ndivyo ilivyokuwa kwa Hajji. Nilivichukua kwenye diski ya XP, ndani ya System32, nikavipeleka kwenye C:\Windows\SysWOW64 ya laptopu, nikafungua dirisha la amri kama administreta na kuandika:

C:\Windows\SysWOW64\regsvr32.exe C:\Windows\SysWOW64\MSCOMCTL.OCX

Nikarudia kwa kila OCX. Majina haya ya folda yamewapoteza wengi: kwenye Windows ya biti 64, System32 ndiyo yenye vitu vya biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye vya biti 32. Ndiyo, kinyume na unavyotarajia. Ukikariri hilo umeokoa mchana mmoja wa maisha yako.

Ikidai .NET Framework 3.5, maktaba nyingine ya Microsoft, Windows itajitolea kuipakua. Kama bando lako ni la kuhesabu au upakuaji unakwama, chomeka flashi ya kusakinishia Windows ya toleo lilelile na, kama imejitokeza kuwa D:, andika:

dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:D:\sources\sxs /limitaccess

Kuweka .NET 4.8 hakusaidii. Programu ya 2.0 au 3.5 inataka ya kwake.

Kuna wakati faili la programu lenyewe linatoweka dakika chache baada ya kulinakili. Hilo ni la antivirusi. Angalia orodha ya vilivyowekwa karantini, na urudishe ikiwa tu una hakika chanzo ni diski yako mwenyewe.

Inafunguka vizuri, lakini data siyo ile

Hapa ndipo nilipokaa na laptopu ya Hajji hadi adhuhuri, na ndilo tatizo baya kuliko yote, kwa kuwa halitoi ujumbe wowote. Kila kitu kinaonekana kizima. Unauza, unahifadhi, unafunga, unafungua, mauzo yapo. Kisha mtu mwingine anakaa kwenye kompyuta hiyohiyo na kukuta stoku ya wiki iliyopita.

Kwenye XP karibu kila mtu alitumia kompyuta akiwa na mamlaka yote, na waandishi wa programu walizoea kuhifadhi data palepale ndani ya Program Files. Kuanzia Windows Vista mlango huo ulifungwa kwa mtumiaji wa kawaida. Ila Microsoft walijua kwamba wakiufunga kabisa, maelfu ya programu za zamani yangekufa siku moja, wakafanya ujanja: programu ya biti 32 ya zamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files, Windows inaitikia "sawa", halafu kimyakimya inaliweka faili kwenye folda ya siri ya mtumiaji yule:

C:\Users\jina lake\AppData\Local\VirtualStore

Kuanzia hapo programu ikiomba faili lile, inapewa nakala ya siri. Kila mtumiaji wa Windows ana nakala yake. Na ukiifungua programu kwa "Run as administrator", ujanja unazimwa, inasoma faili la asili lililoko Program Files.

Sasa tazama duka la Hajji. Mwanawe alitengeneza watumiaji wawili, mmoja wa keshia wa asubuhi, mmoja wa jioni, jambo zuri kabisa. Kwa siku nne kila keshia akauza kwenye daftari lake la siri. Hajji mwenyewe, aliyefundishwa kubofya kulia na kuchagua administreta, akawa anaona daftari la tatu, ambalo hakuna aliyeuza humo hata msumari. Alishaanza kuwashuku vijana. Keshia wa jioni alikuwa hajalala.

Dawa ni kuitoa programu Program Files. Iweke kwenye folda fupi chini ya C:, mfano C:\STOKU, kisha kwenye Properties, kichupo cha Security, wape Users ruhusa ya Modify. Hakikisha njia ya mkato iliyo kwenye desktop inaelekea huko, maana ile ya zamani ikibaki mtu ataibofya. Lakini kabla ya hapo kusanya nakala zote za faili la data, moja kwa kila mtumiaji na ile ya asili, uzipe majina na uzihifadhi kando. Usinakili moja juu ya nyingine ukidhani yenye tarehe mpya ndiyo sahihi. Kila moja ina mauzo ambayo nyingine haina. Tulichukua ya asubuhi kama msingi kwa sababu ilikuwa na mauzo mengi, na keshia wa jioni akaingiza upya ya kwake kutoka kwenye kitabu cha risiti. Alimaliza kabla ya magharibi, akiimba.

Kuendesha programu kama administreta siku zote kungeonekana kumaliza tatizo hili, na mafundi wengi huishia hapo. Mimi sipendi. Unampa kila keshia funguo za nyumba nzima, na unajizalia tatizo la diski za mtandao nitakalolieleza chini.

Tarehe zinahama

Windows nyingi hapa huwekwa kwa Kiingereza cha Marekani, mtu akibofya Next bila kusoma. Marekani mwezi unatangulia siku. Programu ya zamani haiulizi, inachukua mpangilio wa Windows.

Ukiwa na bahati unapata "Type mismatch", kosa namba 13, na programu inasimama. Bila bahati inaendelea. Visual Basic ina tabia ya kujaribu kusaidia: ukiandika 05/04 kwenye Windows ya Kimarekani inaelewa tarehe 4 Mei, lakini ukiandika 13/04, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, inageuza yenyewe na kupata 13 Aprili. Kwa hiyo mauzo ya siku 12 za mwanzo wa mwezi yanatawanyika kwenye miezi mingine, isipokuwa ile siku ambayo namba yake inalingana na ya mwezi, na ya kuanzia tarehe 13 yako sawa. Ukiona ripoti ya mwezi ina mwanzo mtupu na nusu ya mwisho iliyojaa, usitafute mwizi, tafuta hili. Dalili ya haraka zaidi ni alama ya dola kujitokeza mbele ya bei ya saruji.

Nenda Control Panel, Region, uchague Kiingereza cha Uganda au cha Uingereza, na tarehe fupi iwe dd/MM/yyyy. Mpangilio huu ni wa kila mtumiaji peke yake, kwa hiyo urudie kwa kila anayeingia. Rekodi zilizokwisha haribika hazijirekebishi. Palepale kwenye Region, ndani ya mipangilio ya ziada ya tarehe, kuna mahali panapoamua mwaka wa tarakimu mbili unaangukia karne ipi. Kwenye Windows za zamani mpaka ulikuwa 2029, yaani ukiandika 30 unapata 1930. Wenye maduka ya dawa wanaoandika tarehe za mwisho wa matumizi wapaangalie mapema, ingawa programu nyingine zina mpaka wao wa ndani usiosikiliza Windows.

Haioni seva, au haioni diski ya Z:

Mambo mawili tofauti yanayofanana usoni.

La kwanza: data ipo kwenye kompyuta ya XP iliyo chumba cha nyuma, na mpya haiioni kabisa. XP inazungumza SMB1 tu, lugha ya kushea mafaili ambayo Windows 10 kuanzia toleo 1709 haiiweki yenyewe. Unaweza kuiwasha kwenye "Turn Windows features on or off", upande wa Client tu. Mimi nafanya hivyo kwa saa moja, nahamisha data, nazima. WannaCry ya Mei 2017 ilipita kwenye tundu la SMB1, na duka lenye modemu ya intaneti kwenye waya huohuo halina sababu ya kuliacha wazi. Data ikae kwenye mashine mpya, na mashine za kaunta ziwe angalau Windows 7.

La pili: Z: unaiona kwenye File Explorer, lakini programu inadai haipo. Uliza kama inaendeshwa kama administreta. Diski ulizounganisha ukiwa mtumiaji wa kawaida hazionekani upande wa administreta. Windows inawahesabu kama watu wawili. Acha kuiendesha hivyo, au fungua dirisha la amri kama administreta na uunganishe Z: humo pia kwa "net use".

Programu inayotumia ODBC ikisema haioni chanzo cha data na wewe umekitengeneza jana, umekitengeneza upande wa biti 64. Fungua C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe ukitengeneze tena huko.

Haichapishi

Programu za DOS hutuma maandishi LPT1 na kusubiri. Laptopu haina LPT1. Shea printa, mfano kwa jina LX300, kisha kwenye dirisha la amri la kawaida:

net use LPT1: \\JINA-LA-KOMPYUTA\LX300 /persistent:yes

Zile printa za sindano za Epson, zinazolia kama cherehani, zinaelewa maandishi hayo moja kwa moja, ndiyo maana mawakala wa mizigo hapa mpakani hawazitupi. Printa nyingi za bei nafuu za USB haziyaelewi. Zinategemea draiva ya Windows izichoree ukurasa mzima. Ukituma maandishi ya DOS huko, foleni inapokea na karatasi haitoki. Kwa hizo tumia vDos au DOSBox-X.

Kifunguo cha USB hakitambuliwi

Baadhi ya programu za usanifu na za hesabu zilikuja na kijiti cha leseni. Windows ya biti 64 inadai draiva iliyosainiwa, na ya mwaka 2005 haitapita. Tafuta draiva mpya kwa aliyetengeneza kijiti, maana mara nyingi ni kampuni tofauti na iliyotengeneza programu. Ikigoma bado, angalia kama "Memory integrity" kwenye Windows Security imeizuia. Kuizima kunapunguza ulinzi, na mimi ningehamia mashine ya kuigiza, yaani Windows ya zamani ndani ya dirisha nitakayoieleza chini, kabla ya kufanya hivyo.

Maandishi yakiwa madogo au yenye ukungu, bofya kulia, Properties, Compatibility, "Change high DPI settings", ujaribu "System (Enhanced)". Basi. Na hicho kichupo cha Compatibility ambacho kila mtu hukikimbilia kwanza, kazi yake kubwa ni kuidanganya programu kuhusu toleo la Windows, pamoja na marekebisho machache ya pembeni. Kinafaa pale programu inapokataa kwa kusema "inahitaji Windows XP". Hakileti faili lililokosekana.

Inakufa kimya

Bila ujumbe, tumia Process Monitor ya Sysinternals, ya bure kutoka Microsoft, inayoonyesha kila faili programu inalolitafuta. Iwashe, chuja kwa jina la programu yako, fungua programu, iache ife, simamisha. Utaona maelfu ya mistari. Anza mwishoni ukipanda juu, ukitafuta ACCESS DENIED na NAME NOT FOUND. Nyingi za NAME NOT FOUND ni za kawaida, programu ikipapasa folda moja baada ya nyingine. Yenye maana ni faili lililotafutwa kila mahali na halikupatikana popote kabla tu ya kifo. Ndivyo nilivyogundua programu ya duka la Malaba ilikuwa inataka kuandika faili moja kwenye D:\TEMP. Mashine mpya haikuwa na D:. Nilitumia amri ya subst kuipa folda jina la D:, ikaamka.

Pale nyumba mpya inapokataa kabisa

Weka nyumba ya zamani ndani ya mpya. VirtualBox inaendesha XP au Windows 7 kama dirisha, mradi uwashe teknolojia ya uigizaji kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. XP inaridhika na MB 512 za RAM, kwa hiyo laptopu ya GB 8 haitaona shida. Unahitaji leseni halali ya Windows hiyo. Kama mashine ya zamani bado inawaka, Disk2vhd inageuza diski yake yote kuwa faili moja ambalo VirtualBox inalifungua, pamoja na programu ambayo CD yake ilipotea zamani. XP ikianguka na skrini ya buluu ya 0x7B pale mwanzoni, hamisha diski kutoka kidhibiti cha SATA kwenda IDE. Chomoa kebo ya mtandao ya mashine hiyo ndani ya mipangilio. Ripoti zitoke kwa folda ya pamoja.

Kwa Hajji hatukufika huko. OCX, folda ya C:\STOKU na tarehe vilitosha. Kompyuta ya zamani nilimwambia asiiuze walau hadi afunge hesabu za miezi mitatu na kulinganisha. Ilirudi dukani kwenye gunia lilelile, na mara ya mwisho nilipopita keshia wa jioni alikuwa ameiweka chini ya kaunta, anaegemeza miguu.